Namba 2 dirishani si usalama

Mhariri,

Habari zenu za ualbino huwa nazisoma na kunyamaza, hata zile za kila Juni 13, siku ya kimataifa ya ualbino, zinazojirudia kama kanda. Safari hii nimeshindwa. Ile picha ya mwalimu aliyeshika kipima mionzi dirishani, na maelezo kwamba kimesoma 2 kwa hiyo darasa ni salama, itamuunguza mtoto wa mtu.

Mionzi ya jua isiyoonekana inayodhuru ngozi, yaani urujuanimno, ina aina A na B. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu B yote, ila huachia sehemu kubwa ya A. Kifaa cha kusoma fahirisi, yaani namba ya ukali wa mionzi hiyo, kimeundwa kuhesabu kinachobabua ngozi, yaani B zaidi. Ukikiweka nyuma ya kioo namba inaporomoka, huku A ikiendelea kumpiga mtoto shavuni. Na mwenye XP, ugonjwa wa kurithi ambao ngozi haiwezi kurekebisha madhara ya mionzi hii, hata hiyo A haimwachi. Baadhi ya vile vya bei rahisi husoma A peke yake. Kujua unacho kipi, simama juani, soma, kisha funika jicho la kifaa kwa kipande cha kioo cha dirisha. Namba ikikaribia sifuri, ni cha B. Ikipungua kidogo tu ni cha A, na namba yake usiiite fahirisi. Halafu mshiko! Mwalimu wenu amekielekeza ukutani. Fahirisi hupimwa nje, kifaa kimelala sawasawa, jicho likitazama juu, kichwa chako kisilitie kivuli. Na likiguswa na kidole chenye losheni ya jua limezibwa, maana kazi ya losheni ni kuzuia mionzi hiyohiyo. Lifute kwa kitambaa laini kabla ya kupima.

Saa nazo mnazikosea. Jua la utosini hufika Dar es Salaam kama saa 6:20 mchana, Mwanza karibu saa 6:50, Kigoma saa 7, likisogea mbele au nyuma robo saa kufuatana na mwezi. Kigoma wakiwatoa watoto nje saa 7 eti jua limepinda, wamewatoa kileleni.

Na kofia? Kuna shule, siitaji, ambako mwanafunzi mwenye ualbino huvuliwa pama mstarini kwa sababu si sare. Shirika la Afya Duniani linasema kinga ianze fahirisi ikifika 3. Kwetu mchana wa jua kali hupita 11. Mnanunua kipima mionzi, kisha mnamvua mtoto kofia!

Pendekezo langu: kila shule ichomeke fimbo ya mita 1 uwanjani. Haina betri. Kivuli kikiwa mita 1, fahirisi bado ni kama 6, kwa hiyo ile kanuni kwamba jua si hatari kivuli chako kikifikia urefu wako haiwafai watoto hawa. Wangoje kifike mita 2. Mwalimu wa zamu aliyevua pama ya mtoto naye anyolewe kipara, asimame kando ya fimbo mpaka kivuli kifike hapo.

Fundi wa vipimo,
Morogoro