Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wetu wa Pune

Dada zangu wanachama, salaam.

Habari za ada, misiba na mahafali mtazipata kwa katibu na mweka hazina. Mimi naomba nitumie nafasi yangu kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: ukatili wanaofanyiwa wanawake wa Kidalit, yaani wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote, hapa India tunakosoma na kuishi.

Lilianzia jikoni. Mnakumbuka mwenzetu alipotueleza kwamba mwenye nyumba wake alimwonyesha kikombe kilichowekwa dirishani peke yake: mama anayechukua taka akiomba maji, apewe kwa hicho, na kisichanganywe na vyombo vingine. Akatii akidhani ni usafi. Tulipoulizana, kikombe hicho kilikuwa nyumba nyingi, kwangu pia. Miaka miwili nimemnywesha kwacho mtu mzima mwenye umri wa mama yangu. Naona aibu, na nimemwomba radhi.

Waokota taka wa Pune wengi ni wanawake wa Kidalit, na tangu 1993 wana chama chao cha wafanyakazi. Wadalit, maana yake waliovunjwa, ndilo jina walilojichagulia wenyewe watu ambao matabaka ya kuzaliwa yaliwaita najisi. Sensa ya 2011 iliwahesabu zaidi ya milioni 200. Katiba ya 1950, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na Mdalit, B. R. Ambedkar, ilipiga marufuku unajisi huo. Ikaja sheria kali ya 1989 ya kuzuia ukatili dhidi yao.

Basi kwa nini ukatili huo haukomi? Kisa cha Khairlanji, kijiji cha jimbo hili hili la Maharashtra, ndicho kilichotufungua macho. Mama mmoja wa Kidalit alikuwa na shamba, binti yake anasoma vizuri, na yeye mwenyewe alikuwa amethubutu kutoa ushahidi polisi dhidi ya wanakijiji wa tabaka lililo juu ya lake. Tarehe 29 Septemba 2006 kundi la watu likawavamia, likamuua yeye, binti yake na wanawe wawili wa kiume. Wauaji walihukumiwa, lakini mahakama haikuitumia sheria ya 1989. Tabaka halikuhesabiwa kuwa sababu. Mwanamke huyu hakupigwa kwa kuwa mnyonge. Alipigwa kwa kuwa alikataa unyonge, na mwili wake ukafanywa onyo kwa ukoo mzima. Ndivyo ninavyoelewa pia kilichotokea Hathras, jimbo la Uttar Pradesh, mwaka 2020: binti wa Kidalit wa miaka 19 alifariki hospitalini baada ya kushambuliwa, na polisi wakachoma maiti yake usiku wa manane, wazazi wakiwa hawajaruhusiwa kumuaga.

Mila nayo ina sehemu yake. Jimbo jirani la Karnataka lilipiga marufuku mwaka 1982 kuwaweka wasichana wakfu kwa mungu wa hekalu, desturi iliyowaangukia zaidi mabinti wa Kidalit na kuwafikisha wengi kwenye madanguro, yakiwemo ya mji wetu huu.

Januari tulimkumbuka Savitribai Phule, aliyefungua shule ya wasichana hapa Pune mwaka 1848 na kutupiwa kinyesi njiani akienda kufundisha. Kilichonigusa zaidi ni mwanafunzi wake, Mukta Salve, msichana wa tabaka la Wamang, mojawapo ya matabaka ya Kidalit. Mwaka 1855 aliandika insha juu ya mateso ya watu wake, akiwataja mama zao wanaojifungua bila hata paa la kuwakinga na mvua na baridi. Msichana mdogo, na aliyaona yote hayo.

Tulikoshindwa: masomo ya jioni tuliyowaahidi mabinti wa waokota taka yalikatika msimu wa mitihani. Tuliwaacha bila hata kuwaaga. Deni hilo ni langu kwanza.

Naomba mkutano huu uazimie mambo mawili, na katibu ayaandike: masomo yarudi mwezi ujao kwa zamu, mitihani iwepo isiwepo, na katika nyumba yoyote anayoishi mwanachama, mama wa taka anywe kwa kikombe tunachonywea sisi, hata mwenye nyumba akichukia.