Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii: Tunachoomba ni tarehe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu shilingi 2,000, na kuhusu siku zinapolipwa. Ndizo anazolipwa bibi yangu kila mwezi kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee na wasiojiweza, tangu ulipofunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Bibi anaishi bara ya Kwale, upande wa Kinango. Nyumbani kwake wako watu saba: yeye, shangazi yangu aliyefiwa na mumewe, na watoto watano wa shule. Mimi niko Mombasa, nikipata natuma. Nikikosa wanategemea shamba, na shamba la Kinango linategemea mvua ambayo kuna miaka haionekani kabisa.

Naomba nikueleze zile pesa zinafanya nini hasa, kwa sababu nasikia zikitajwa kama sadaka ya kumtuliza mzee, na mimi nimeziona zikifanya kazi nyingine.

Zamani, njaa ilipobisha, bibi aliuza. Aliuza kuku, kisha mbuzi, na aliuza wakati majirani wote wanauza, kwa hiyo bei ilikuwa ya kutupa. Mahindi yakivunwa, gunia liliondoka mapema kwenda kulipa deni la dukani, halafu miezi mitatu baadaye unga unanunuliwa ghali kuliko alivyouza yeye. Shangazi naye aliingia vichakani kuchoma makaa. Hakuna mmoja wao asiyejua kwamba hiyo ni hasara. Walijua vizuri sana, ila hawakuwa na uwezo wa kusubiri.

Pesa za Inua Jamii zilimpa bibi huo uwezo wa kusubiri. Mwenye duka alipojua kuna kitu kinakuja, alifungua daftari na kuandika bila kununa, na bibi akaacha kutuma watoto kukopa kwa sababu wao ndio waliokuwa hawakataliwi usoni. Mahindi yakakaa ghalani hadi bei ipande kidogo. Kila malipo yalipoingia, shangazi alipewa 500 za upatu wanaocheza wanawake kumi wa pale kijijini. Zamu yake ya kwanza ilileta mbuzi jike wawili. Zamu za baadaye zilileta mabati, machache machache, hadi makuti ya upande wa mbele yakaondoka. Nakwambia mabati, Mheshimiwa, na pengine unaona paa tu. Sisi tunaona maji: mvua ikinyesha yanatiririka kwenye pipa mlangoni, na kwa wiki kadhaa wasichana hawaamki usiku kwenda kuteka maji silanga, lile bwawa la maji ya mvua. Wanaamka kwenda shule.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kuingia kwenye ripoti yoyote. Matanga yanapotokea, mchango unakusanywa na majina yanasomwa. Kwa miaka mingi bibi alikaa nyuma, kimya, jina lake lisisomwe. Siku hizi anatoa mia moja. Ukimuuliza pesa za serikali zimemfaa nini, hataji mabati wala mbuzi, atakwambia siku hizi naye anazika watu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Upo msimu mmoja malipo yalikawia, mwezi ukaingia mwezi. Siandiki kumtafuta wa kulaumiwa. Nataka tu ujue nini hutokea upande wetu pesa zikikwama mahali. Wiki za kwanza mwenye duka alivumilia. Kisha akafunga daftari, na simlaumu, maana na yeye ana anakokopa. Upatu ukamruka shangazi. Mtoto mmoja aliyekuwa anahitaji viatu na daftari akabaki nyumbani, na akazoea kubaki. Mwishowe wale mbuzi wawili, waliokuwa wamezaa, waliuzwa kwa wiki moja, mama na watoto wao, kwa mnunuzi aliyejua fika kwamba wauzaji hawana la kufanya. Kisha pesa zikaja zote kwa pamoja, hakuna hata shilingi iliyopungua. Kwenye vitabu vya hesabu bibi yangu alilipwa haki yake kamili. Mbuzi hawakurudi.

Ndiyo maana nasema, Mheshimiwa, elfu mbili zinazokuja siku inayojulikana na elfu mbili zinazokuja siku yoyote si kitu kimoja. Za kwanza zinaweza kukopewa, kupangiwa, kuchezewa upatu. Za pili zinakuta tayari umeshauza.

Haya si maneno ya mjukuu peke yake. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa pesa kwa kaya maskini bila masharti, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakachapisha matokeo mwaka 2016. Baadhi ya kaya zilipewa pesa zote mara moja, nyingine zikalipwa kila mwezi. Waliopewa kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu, kama mabati. Waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Yaani namna na wakati wa kulipa vinabadilisha pesa zenyewe zinakuwa nini zikifika nyumbani.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, hapo hapo Siaya, katika vijiji 653. Zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban shilingi 87,000 kila moja kati ya 2014 na 2017. Wengi waliogopa kwamba bei za bidhaa zitaruka na walioachwa nje wataumia. Bei zilipanda kwa kiasi kisichofika hata asilimia moja. Walioachwa nje walinufaika pia, kwa sababu pesa ya jirani ilipita dukani, kwa fundi, kwa mwenye bodaboda, na kila shilingi iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za karibu shilingi mbili na nusu katika eneo lile. Mwenye duka wa kwetu hakuhitaji utafiti kulijua hilo. Wiki ya malipo ndiyo wiki yake.

Nalazimika kugusa pia lile la uvivu na ulevi, kwa sababu kila pesa za wazee zikitajwa kwenye baraza kuna mtu atalisema. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali kuona kama watu wakipewa pesa hununua pombe na sigara zaidi. Kwa jumla hawakununua zaidi, na kwingine walipunguza. Bibi yangu ana zaidi ya miaka 70 na bado analima kwa jembe. Anayemwita mvivu na aje msimu wa kupanda.

Najua kulipa mamilioni ya watu si kazi ndogo, na najua serikali hii hii inaweza. Katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, mpango wa kukabiliana na njaa umekuwa ukilipa kaya shilingi 2,700 kwa mwezi, na ukame ukizidi, hali ya malisho inapimwa kwa picha za setilaiti na kaya nyingine zinaongezwa kwenye malipo kabla mambo hayajaharibika. Nchi inayoweza kuangalia nyasi za Wajir kutoka angani ili ijue lini ilipe, haiwezi kushindwa kushika tarehe moja ya mwezi kwa mzee wa Kinango.

Kuna la vidole pia, na hili linaniuma. Bibi alikwenda kwa wakala mmoja, safari ya pikipiki kwenda na kurudi kwa pesa za kukopa, na mashine ikakataa alama za vidole vyake. Vidole vimesuguliwa na jembe, na kamba ya ndoo, kwa miaka 60, michoro imefutika. Aliambiwa arudi siku nyingine. Alirudi mara mbili. Mashine ya kumtambua mkulima mzee haiwezi kutegemea kitu ambacho ukulima umeshakila. Pawe na njia ya pili: kitambulisho chake na shahidi anayeaminika, au mtu wa familia aliyeandikishwa rasmi kuchukua kwa niaba yake, na wakala afundishwe kwamba njia hiyo ipo.

Kuhusu kiasi chenyewe nitasema kwa ufupi. Elfu mbili hizo zimebaki elfu mbili kwa zaidi ya miaka 10, wakati kila kitu kingine kimepanda. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga ilipita shilingi 200. Hapo pesa za mwezi mzima hazikutosha pakiti kumi, kwa nyumba ya watu saba. Katiba yetu, Kifungu cha 43, inasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kiasi kinachopungua nguvu kila mwaka bila mtu kukigusa ni sawa na kukikata, na nakuomba wizara yako ikipeleke bungeni kipitiwe kila mwaka kulingana na bei.

Lakini kama utafanya moja tu mwaka huu, liwe la tarehe. Hata kabla ya kuongeza shilingi moja. Chagueni siku, iwe ya kumi, iwe ya ishirini, iandikwe kwenye karatasi kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila chifu na itangazwe kwenye redio za mashinani jioni, watu wakiwa wamerudi shamba. Na mwezi ambao itashindikana, mseme mapema, hata wiki mbili kabla, na mseme itakuwa lini. Mzee akijua atajua afanye nini: atazungumza na mwenye duka, ataomba upatu umsogezee zamu, atatupigia simu sisi wa mjini tujibane. Asipojua, atauza.

Shangazi ameanza tena upatu. Amewekwa zamu ya mwisho kati ya wale kumi, kwa sababu wenzake bado hawana hakika kama atamudu kuchanga kila mara, na jibu la swali hilo analo Mheshimiwa Waziri, si yeye.

Wako kwa heshima,
Mjukuu wa mnufaika mmoja, Kinango