Viota vya kunguru viteremshwe kabla ya mayai kutagwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wakuu wa Kaunti ya Mombasa kero inayotukumba kila msimu kunguru wanapolea makinda. Wanafunzi, kina mama wanaotoka sokoni na wazee wanaokwenda msikitini huparamiwa vichwani na ndege wanaowajia kwa nyuma, nasi tumezoea kuwajibu kwa mawe.

Mawe hayo ndiyo yanayozidisha balaa. Kunguru anayemrukia mtu anamlinda mwanawe, na ukali wake hupanda zaidi siku zile ambapo kinda ameshatoka kiotani lakini hajamudu kuruka, akawa anatambaa chini ya mti huku wazazi wake wakimchunga kutoka juu. Tena ni ndege asiyesahau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliwanasa kunguru wa Marekani wakiwa wamevaa vinyago, na miaka kadhaa baadaye kila aliyepita amevaa kinyago kile alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa.

Sisemi waachwe wazagae. Kunguru hawa waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea pwani nzima, na leo wanamaliza mayai na makinda ya ndege wetu wa asili, mbali na vifaranga vya kuku wetu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu. Lakini sumu, hata ikifaulu, haimkingi mtoto ambaye leo hii hana budi kupita chini ya mwembe wenye kiota.

Ninaloomba ni dogo. Idara inayopogoa miti izunguke shuleni, hospitalini na kwenye vituo vya matatu, iviteremshe viota hivyo vya vijiti na nyaya vingali vinajengwa, kisha irudi tena, kwa kuwa ndege huyu hachoki kujenga upya. Palipo na makinda tayari, njia ya chini ya mti ifungwe mpaka waruke, jambo ambalo huchukua wiki tatu au nne tu, na walimu wawakataze watoto kurusha mawe. Majaa ya sokoni nayo yazolewe kila siku, maana kunguru hujenga karibu na anapokula.

Mkazi wa Mombasa