Anayeiba muda anyang'anywe mpira

Mhariri,

Nimeangalia mpira kwenye vibanda umiza zaidi ya miaka ishirini. Zamani ubao wa mwamuzi wa akiba ukionyesha dakika tatu za nyongeza, banda zima linaguna. Siku hizi ni saba, nane, hata kumi, na hakuna anayeshtuka.

Mambo yalibadilika Kombe la Dunia la Qatar, 2022. Pierluigi Collina, mkuu wa kamati ya waamuzi ya FIFA, alitaka muda wote unaopotea ufidiwe: kushangilia mabao, kubadilisha wachezaji, ukaguzi wa VAR (mwamuzi wa video). Uingereza ilipoichapa Iran 6-2, kipa wa Iran, Beiranvand, aligongana na mwenzake akaumia kichwa, na kipindi cha kwanza pekee kikaongezwa dakika 14. Ukiondoa mapumziko, mechi ile ilichukua karibu saa mbili.

Kwa jeraha kama lile sina neno. Kinachoniuma ni muda unaoibwa makusudi. Timu inaongoza bao moja, dakika ya 80. Kipa anadaka mpira mwepesi, anaulalia kifudifudi, anainuka taratibu, anawapungia mabeki wapande, kisha anabadili mawazo. Adhabu yake kwa kawaida ilikuwa nini? Dakika ziliongezwa, na hizo nazo alizichezea vilevile. Wanaoumia ni wenzake waliokwisha kukimbia jioni nzima, misuli inawabana. Raphaël Varane, akiwa beki wa Manchester United, alizipigia kelele dakika hizi za nyongeza hadharani Agosti 2023.

Nasi tunaumia. Ulaya ikiwa kwenye baridi, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa kwetu zinaanza saa 5 usiku. Zikiisha ni saa 7, daladala hakuna. Kijana ninayekaa naye benchi moja anaingia kazini saa 12 asubuhi. Dakika ya 90 ikifika ananyanyuka, na kesho yake ananipigia kuuliza iliishaje. Mwisho wa mechi, sehemu tamu kuliko zote, haumhusu tena.

Dawa imeshapatikana. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akikaa na mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi anainua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, kila mtu anaona. Hapo anayelipa ni mkosaji mwenyewe, palepale, wala si mtazamaji saa 7 usiku.

Naomba waamuzi wa Ligi Kuu yetu waisimamie sheria hii bila kuangalia jezi, iwe ya Simba, ya Yanga au ya timu iliyopanda daraja juzi.

Mpenzi wa soka,
Tanga