Kabla hujalipia hiyo pikapu

Kaka, habari za Karatu, mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, mwambie viazi vya msimu huu nitamletea mwenyewe asinunue. Meseji yako ilinikuta niko chini ya gari la mteja mikono yote oili, nikaisoma nusunusu nikasema hapana, swali la huyu jamaa halijibiki kwa meseji mbili, ngoja jumapili gereji ikifungwa nikae nimwandikie vizuri. Basi ndo nimekaa, baridi ya Makambako unaijua, nina chai ya tangawizi hapa na simu imejaa chaji.

Umeniuliza uchukue pikapu ya dabo kebini ya injini gani, halafu usubiri hizi za kizazi kipya zinazotangazwa au ununue sasa maadam hela ipo. Nakujibu huku naiona ile njia yako ya Mang'ola, lile vumbi, magunia ya vitunguu yamepanda mpaka juu ya kebini, maana mimi injini siwezi kumchagulia mtu bila kujua anapita wapi, anabeba nini na anajazia mafuta sheli gani.

Nianzie nyumbani. Unaikumbuka Hilux ya mzee wangu, ile nyeupe yenye injini iitwayo 3L, hilo ni jina tu si ukubwa wake? Injini ya lita 2.8, haina turbo, yaani ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, haina kompyuta, nguvu farasi kama 90 tu, ukipanda nayo mlima Kitonga na mzigo unaweka gia ya pili unavumilia, mabasi yanakupita moja baada ya jingine. Lakini pampu yake ilikuwa chuma tupu, mafuta machafu yakiingia inakohoa, inatoa moshi, unashuka unafungua filta unamwaga maji safari inaendelea. Nozeli, zile za kunyunyizia dizeli kwenye silinda, zikichoka tulikuwa tunazichomoa wenyewe na spana, tunazifunga kwenye gazeti, mzee anapanda nazo basi kwenda kwa fundi pampu Mbeya, kesho yake karudi nazo zimepimwa. Ufundi wangu wote nimeuanzia kwenye ile injini, nilikuwa namshikia mzee tochi, kwahiyo nikisema naipenda ujue nasema kwa moyo kabisa.

Ila sikwambii utafute ya namna hiyo. 3L nzuri zilizobaki ni za kuhesabu, nyingi zimeshachongwa silinda mara mbili mara tatu, na wewe unakimbiza vitunguu usiku viwahi soko la Arusha asubuhi, ukifika saa nne umeshapoteza bei. Injini za sasa zinavuta mzigo mara mbili ya ile na mafuta zinakula kidogo. Shida yake kubwa iko kwenye dizeli yenyewe, na hapa nikae kidogo maana ndipo magari ya watu yanapofia.

Kwenye hizi injini za komoni reli dizeli inasukumwa kwenye bomba mpaka presha inafika bar 2000 hivi. Tairi la pikapu yako unalijaza bar mbili na nusu, tatu ukipakia, sasa piga hesabu mwenyewe. Matundu ya nozeli ni membamba kama unywele, halafu kompyuta inaifungua na kuifunga nozeli mara kadhaa kwa mchomo mmoja tu wa silinda. Kitu kama hicho hakitaki tone la maji, hakitaki mchanga, hakitaki mafuta ya taa. Si unakumbuka enzi za uchakachuaji, mpaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa bei ikasogeleana na dizeli ili watu wakose faida ya kuchanganya, na ilisaidia kweli. Halafu kuanzia Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zikaingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, hapo nyuma ilikuwa juu sana, hiyo nayo imeokoa injini nyingi. Lakini mafuta yanaweza kushuka bandarini Dar yakiwa masafi, yakafika kwenye dumu pembeni ya barabara yakiwa kitu kingine. Mteja wangu mmoja aliishiwa usiku porini akanunua madumu mawili, kesho yake gari linatetemeka kama lina homa, nilipopima nozeli zote nne zimekwisha, nilipomtajia bei ya mpya nne alikaa juu ya tairi pale nje hakuongea kitu muda mrefu, na ile ilikuwa hela ya ada ya watoto. Niliumia sana siku ile kaka.

Kwahiyo uchukue ipi usichukue ipi, cha kwanza ukiipata funga filta ya pili yenye kutenganisha maji kabla ya ile ya kiwandani. Kitabu kikisema badilisha filta kilomita 10000 wewe badilisha 5000. Na ya hewa, kwa vumbi la Mang'ola, ifungue kila wiki uitazame, vumbi likipenya linaenda moja kwa moja kulamba mapanga ya turbo.

Jambo jingine ni ile chujio ya masizi iliyoko kwenye eksozi, wanaiita DPF. Inakamata moshi mweusi, ikijaa injini inatakiwa kuipasha moto mpaka masizi yaungue, na ili iungue gari linatakiwa litembee mwendo wa kueleweka kwa muda bila kusimamasimama. Mtu anayetoka nyumbani kwenda dukani kilomita tatu anarudi, haiungui kamwe, inajaa, taa inawaka, gari linajipunguzia nguvu lenyewe. Sasa magari used kutoka Japani na Ulaya yanakuja nayo, hata Hilux iliporudi kuuzwa Japani 2017 ilirudi na injini ya 2.4 yenye DPF na juu yake tangi la AdBlue, ile dawa ya maji ya kupunguza sumu ya moshi, sasa AdBlue wewe Mang'ola utaitoa wapi. Niliwahi kuitwa Kitonga usiku, sitaji gari la kampuni gani, limepakia mahindi, kwenye kona limekata nguvu limebaki linatambaa, nyuma yake foleni ya malori, dereva ni kijana mdogo anatetemeka ameshikilia breki. Chujio imeziba tu, injini nzima kama mpya. Kuna mafundi wanaikata wanaacha bomba tupu wanaidanganya kompyuta, mimi sifanyi na nimewakatalia wengi, masizi yale ndo yanaingia kwenye vifua vya watoto wanaouza mahindi ya kuchoma barabarani. Dawa ni kuuliza mapema, kabla hujatoa hela, gari hili lilitengenezwa kwa soko la wapi.

Haya, sasa injini zenyewe.

Kwanza dizeli haijafa, usitishwe na mtu. Toyota walipoitoa Hilux mpya kule Thailand Novemba 2025 walikuja na ya umeme na wakasema ya haidrojeni inafuata 2028, lakini ndani yake bado ipo ile 2.8 ya familia ya GD iliyoanza 2015, safari hii na msaada wa umeme wa volti 48. Hiyo 2.8 ilianza na farasi 177 na torki, yaani nguvu ya kuvuta, nyutoni-mita 450, mwaka 2020 wakaipandisha ikawa 204 na 500. Inatumia cheni ya taimingi, ile inayozifanya valvu ziende sambamba na pistoni, tofauti na 3.0 ya D-4D iliyokuwa kabla yake, ile ilikuwa na mkanda, na wangapi nimewapokea hapa mkanda umekatika valvu zimepinda kisa aliyeuza gari hakusema mkanda una umri gani.

Ford walienda njia nyingine. Pikapu yao ya Ranger waliiwekea lita 2.0 yenye turbo mbili, farasi 210 torki 500, yaani karatasini ni sawasawa na 2.8 ya Toyota. Nimeiendesha ya mteja mpaka Mafinga na kurudi, kwakweli ni tamu, gia kumi, haina kelele, unasahau kama ni pikapu. Ila fikiria, kazi ileile inafanywa na silinda ndogo kwa robo na zaidi, lazima presha iwe kubwa, joto liwe kubwa, turbo mbili na mabomba yake na valvu zake, kila kimoja kina siku yake ya kuharibika, na ukipanda mlima na tani moja mgongoni ndo vyote vinaitwa kazini kwa pamoja. Na zile 2.0 za mwanzo mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili, oili ikiwa mbaya au ikichelewa kubadilishwa mkanda unaanza kumomonyoka. Mwaka 2025 Ford wenyewe wakatangaza kwa soko la Australia kwamba ile ya turbo mbili inaondolewa, inabaki ya turbo moja na wameiwekea cheni, na anayetaka nguvu zaidi achukue V6, yaani ya silinda sita, ya 3.0 yenye torki 600. Mimi niliposoma hiyo habari nilifurahi, kwasababu ndicho mafundi tumekuwa tunakiomba. Hiyo V6 kama mfuko unaruhusu ni injini ya kiume, haihangaiki na mzigo, lakini spea zake hapa kwetu bado ni za kuagiza na kungoja.

Isuzu nao kwenye pikapu yao ya D-Max walikuwa na 1.9 ya torki 350, mwaka 2024 kule Thailand wakaibadilisha na 2.2 yenye torki 400. Umeona? Wameongeza ukubwa. Na ile 3.0 yao ya 4JJ hawajaiua, ya sasa ni 4JJ3, farasi 190 torki 450, turbo moja, cheni. Ukiangalia namba imepitwa na Toyota na Ford, ila inafanya hiyo kazi bila kujikamua, na injini isiyojikamua inazeeka taratibu.

Wamarekani wao wamehama kabisa, Toyota Tacoma ya 2024, pikapu ya kwao, imeacha V6 ya 3.5 ikaenda petroli 2.4 ya turbo, ukitaka zaidi ipo haibridi, yaani injini ikisaidiwa na mota ya umeme, ya farasi 326, na Chevrolet Colorado ya 2023 dizeli wameiacha wamebaki na petroli 2.7 ya turbo. Wana sababu zao na barabara zao, sisi hatuhusiki sana.

Ulizo lako kuhusu haibridi na umeme nimelifikiria kwa makini, maana najua mdogo wako anakusukuma huko. Ile volti 48 ya Toyota haina ubaya, ni mota ndogo ya mkanda na betri chini ya kiti cha nyuma, inasaidia gari linapoondoka na kwenye kusimama, inaongeza torki 65 kwa muda, na wameipima kuvuka maji ya sentimita 70 kama ya kawaida. Ikija kwa bei inayokaribiana na isiyo nayo sitakuzuia. BYD Shark, pikapu ya haibridi ya kuchomeka, yaani unaichaji kwenye soketi, ina injini ya petroli 1.5 na betri ya karibu kilowati-saa 30, nguvu inapita farasi 430, inakimbia vibaya mno, lakini mzigo wake ni kilo 790 na wewe siku ya soko hushuki chini ya tani. Ranger nayo ipo ya kuchomeka, inaunganishwa Silverton kule Afrika Kusini, petroli 2.3, kwa mtu wa Dar anayelala na soketi nyumbani namwelewa kabisa. Hilux ya umeme betri yake ni kilowati-saa 59.2 na masafa kama kilomita 240. Kwako kwenda Arusha na kurudi ni 280 hivi, na hapo sijaweka gunia hata moja.

Kwahiyo usisubiri. Hizo mpya zikifika acha mashirika na makampuni yenye mkataba wa matengenezo wazitembeze miaka miwili mitatu, mafundi tuzifungue tuzijue, spea zishuke Kariakoo. Ningekuwa mimi ni wewe ningechukua D-Max ya 3.0, gia za mkono, turbo moja, ya soko la Afrika isiyo na DPF. Hilux 2.8 nayo ni sawa na ukija kuiuza hutalala nayo, lakini bei yake used imekuwa ya kutisha, unalipia jina, na D-Max inaunganishwa Nairobi, kutoka Arusha unapita Namanga asubuhi jioni umerudi na spea mkononi. Kwa mtu wa Songea au Mbeya ningesema Toyota bila kufikiri, kwa mtu wa Karatu naona Isuzu.

Hiyo pikapu uliyosema umeiona Arusha nenda kaiangalie asubuhi na mapema kabla muuzaji hajaiwasha, shika boneti kwa mkono uhakikishe ni ya baridi. Waambie wawashe, wewe unarekodi video, nataka nisikie sekunde 20 za mwanzo, cheni ikichoka inalia hapohapo. Ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili, moshi ukitoka kwa kusukuma kama bomba la jiko achana nayo hata wakishusha bei. Ingia chini uone kama eksozi imewahi kukatwa na kuchomelewa. Halafu nipigie picha ya kile kibati cha chesisi mlangoni, nitajua ilikuwa ya soko gani.

Advansi usitoe hata shilingi mpaka nikupigie. Jumanne jioni nitakuwa nimeshafunga kazi.

Wako, fundi wa Makambako