Gundi ya dari na viti: barua kwa sahibu yangu wa Wete

Unguja

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika. Umesema viti vya gari umeshavitoa, dari yake inaning'inia, na mwenye duka kakwambia uchukue gundi yoyote kali. Usimsikilize. Muulize gundi yake inastahamili joto kiasi gani. Gari ikifungwa vioo juani mchana wa kaskazi, hewa ya ndani yaweza kufika nyuzijoto 60, na juu ya dashibodi yaweza kufika 80 na zaidi. Gundi ya manjano ya mafundi viatu huanza kulainika karibu na joto hilo hilo. Kwenye kiatu haina neno. Kwenye dari, kitambaa kinajivuta chini kwa uzito wake usiku na mchana, basi gundi ikilegea kidogo tu, kinaachia.

Kwa dari chukua gundi ya kupaka pande mbili, ya mkebe au ya kupuliza, iliyoandikwa kuwa ni ya dari za gari na inayotaja joto la 80 au zaidi. Mkebe usiotaja joto lolote uache dukani. Gari ndogo inataka kitambaa cha mita 2 chenye upana wa mita 1.5, na gundi lita 1. Kwa Noah weka mita 3 na lita 2, lakini pima kwanza ubao wa dari yako, lile pande gumu ambalo kitambaa kimegandishwa juu yake.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii: mara nyingi si gundi inayoshusha dari. Ile sponji nyembamba iliyo mgongoni mwa kitambaa imeoza kwa joto na unyevu, imekuwa unga. Ukipaka gundi juu yake unagandisha kitambaa kwenye vumbi, hata gundi iwe ya bei gani. Toa ubao nje, bandua kitambaa chote, usugue kwa brashi ngumu ya nyuzi (ya waya itachana ubao), kisha pitisha kiganja. Kikirudi na unga wa manjano, hujamaliza. Kitambaa kipya kiwe na sponji yake ya milimita 3.

Paka nyembamba pande zote mbili. Ubao upake mara mbili kwa sababu unakunywa. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha gusa kwa kifundo cha kidole: inashika, lakini haivuti uzi. Hapo ndipo. Ukikimbilia, tina (kile kimiminiko kinachoyeyusha gundi) inabaki imefungiwa ndani, baadaye inatoa mapovu na madoa yanatokeza upande wa pili. Weka nusu moja kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kiganja bila kukandamiza sana, maana sponji ikibonyea haiinuki. Ikishashikana huwezi kuisogeza, kwa hiyo mpate mtu wa kukushikia upande wa pili.

Masika jihadhari zaidi. Tina inapokauka hupoza uso wa gundi, na unyevu wa hewani unatua juu yake. Utaona ukungu mweupe, na hapo haishiki. Fanya kazi umande ukishakauka, kivulini. Ukungu ukitokea, ngoja upotee kisha paka tena.

Milango yenye reksini ina mambo yake. Mafuta yanayoilainisha reksini hujipenyeza kwenye gundi ya kawaida, na baada ya miezi inakuwa kama jamu. Hapo tafuta gundi iliyoandikwa inafaa kwa PVC, ile plastiki ya reksini. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu tina hula baadhi ya plastiki, na boksi jeupe jepesi la kufungia vyombo, ambalo tina huliyeyusha kama barafu, usilikaribishe kabisa.

Viti havitaki gundi nyingi. Sponji iliyokatika igandishe kwa tabaka jembamba, ukiacha sehemu ya kukalia, kwani gundi ikikauka inakuwa ngumu na inachoma. Kava linashikwa na pete za chuma zinazolibana kwenye nyaya zilizomo ndani ya sponji. Likigandishwa lote halitembei na mtu anapokaa, na mishono inakatika. Kiti chenye alama ya airbag (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga) ubavuni usikipake gundi hapo wala usikishone mara mbili, maana ule mshono umewekwa ili upasuke. Na kabla ya kuchomoa plagi ya njano ya airbag chini ya kiti, toa waya hasi wa betri usubiri dakika 10.

Supa gluu, silikoni na gundi nyeupe ya mbao waachie wenyewe. Ya kwanza inakatika ikikunjwa na kuacha weupe, ya pili haikubali gundi nyingine juu yake milele, ya tatu inalainika kwa unyevu. Zulia la chini usiligandishe: maji ya chumvi yanayoingia na miguu yatafungiwa hapo na bati litaoza.

Fungua milango yote unapopaka, hakuna sigara wala jiko karibu. Ukimaliza, gari isiwekwe juani kwa saa 24 za mwanzo. Ukirudisha viti, ingiza bolti zote za kiti kwa mkono kwanza ndipo ukaze, na plagi ya njano irudishe kabla ya kuunga betri, la sivyo taa ya airbag itabaki inawaka.

Wasalaam,
Sahibu yako