Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: maandazi yangu yalifungwa kwa fomu ya bata

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizokuletea kwa mkono wangu hazikujibiwa, na kwa sababu Jumanne iliyopita nilipata jibu nisilolitarajia. Nilikuwa nimefika ofisini kwako kuulizia tena fomu zetu za hesabu ya ndege wa maji, nikaambiwa kama ada kwamba mhusika ametoka kidogo, basi nikavuka barabara kununua maandazi mawili kwa mama auzaye nje ya lango. Karatasi aliyonifungia ilikuwa na safu ninazozijua hata usingizini. Juu kushoto paliandikwa Januari 2009; chini yake, kwa penseli na kwa mwandiko wangu mwenyewe, paliandikwa "mawingu, upepo kidogo, saa moja na robo", kisha nambari ya bwawa, kisha idadi ya bata wale wenye mdomo mpana kama mwiko: 212. Mafuta yalikuwa yameshaipenya ile mbili ya mwisho.

Pongezi, Mheshimiwa. Katika mkutano wa miaka mitatu iliyopita, ule wa chai na sambusa, ulituahidi kwamba kumbukumbu hizi zitawafikia wananchi, na kweli zimewafikia, tena zikiwa moto. Uliahidi pia kwamba fomu zote zingeingizwa kwenye kompyuta kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Kosa letu ni kwamba hatukuuliza ni mwaka upi.

Huenda ukaniona mtu mzima anayelilia karatasi. Niruhusu basi nikusimulie habari za ndege ambaye hapa Kenya hatumtarajii kabisa. Kaskazini mwa Ulaya na Urusi hutaga bata bukini mdogo mwenye paji jeupe na duara la manjano kuzunguka jicho, naye yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini. Wale wa Norwe wamebaki makumi tu ya jozi. Walilindwa mahali wanapotaga, na bado wakazidi kupungua, kwa kuwa walikuwa wakipigwa risasi njiani na njia yenyewe haikujulikana vizuri. Vifaa vya kuwafuatilia kwa setilaiti walivyofungwa ndivyo vilivyoonyesha kwamba wale waliokosa kulea vifaranga hawaelekei kusini moja kwa moja, bali huruka kwanza mashariki hadi Siberia kubadilisha manyoya, wakashuka kwa bonde la mto Ob na Kazakhstan, ndipo wakageuka magharibi hadi Ugiriki, kwenye Ziwa Kerkini na delta ya Evros, wanakopisha majira ya baridi. Yaani ndege wa Norwe anaweza kuuawa Kazakhstan akakosekana Ugiriki. Tena kila mmoja ana mabaka meusi tumboni yasiyofanana na ya mwenzake, na watu wanaoshinda matopeni na kamera zao huyalinganisha, hata ndege aliyepigwa picha Norwe akatambuliwa tena Hungaria.

Binamu yake, bukini mwenye kifua chekundu, alifanya jambo la ajabu zaidi. Katikati ya karne iliyopita alikuwa akipisha baridi kwenye pwani ya Bahari ya Kaspi, Azerbaijan. Miaka ya 1960 ilipokwisha, wengi wao walikuwa wamehamia upande wa Bahari Nyeusi, huko Romania na Bulgaria. Hilo linajulikana kwa sababu kulikuwa na watu walioandika idadi walipokuwa wengi, wakaendelea kuandika walipopungua. Nalisema hili makusudi, kwa kuwa karani wako mmoja aliwahi kunirudishia fomu akidai haina kitu, ilhali nilikuwa nimeijaza yote. Nilikuwa nimeandika sifuri, Mheshimiwa, na sifuri ni hesabu.

Hapa kwetu hesabu za Januari zimefanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Ziwa Nakuru lilipofura likameza hata lango kuu la hifadhi, kila mtu aliuliza ndege wamekwenda wapi. Swali hilo halijibiki kama hatujui walikuwa wangapi. Isitoshe, tangu mwaka 2001 nchi yetu imo katika Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege wa Maji Wahamao wa Afrika na Eurasia, unaotaka ndege hawa wafuatiliwe na taarifa zao zitunzwe. Mkataba huo uko chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, safari ya matatu moja tu kutoka mezani kwako.

Nami sijawahi kukudai hata nauli. Kwa miaka 19 nimeamka saa kumi alfajiri kutoka Umoja, nimevaa gambuti zinazovuja, nimetembea kwenye kingo za mabwawa ya majitaka ya Dandora kule Ruai hadi harufu ikaniganda kwenye koti, na mke wangu akaamuru koti hilo lilale nje. Darubini yangu ina jicho moja zima. Magoti hayaniruhusu tena kuchutama. Wanangu wakiulizwa shuleni baba yao hufanya nini, husema huhesabu bata, na wenzao hucheka. Nami nikijiuliza mshahara wangu uko wapi, nilikuwa nikijijibu kwamba uko kwenye masanduku yako.

Sijui hasa yaliyotokea. Nimesikia kwamba mlipohama ghorofa masanduku yaliachwa kwenye ujia, mvua ikaingia, na mtu akaona ni busara kuyauza kwa kilo kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Pengine ni uvumi. Ila mama wa maandazi hakuniambia uvumi. Aliniambia alinunua mafungu mawili, na la kwanza limeshakwisha.

Nilikuwa nimepanga kukutaka uunde kamati, uajiri mtu wa kuingiza takwimu na utuombe radhi. Nayaacha yote. Naomba uniruhusu niingie katika chumba yalimo masanduku yaliyobaki, mimi na wenzangu wawili, kwa siku moja, tuzipige fomu picha kwa simu zetu. Chaji tutakuja nayo, na chakula pia. Fungu la pili nimeshalinunua kwa mama yule kwa shilingi mia mbili, na risiti sikuidai.

Wako mtiifu,
Mhesabu ndege wa kujitolea,
Umoja, Nairobi.